Wingu Lililojaa Salamu

Marahaba, wanangu. Nimewaitikieni hata kabla hamjakaa, maana najua mkianza kunipa salamu mmoja mmoja hapa Boko jua litazama hatujaanza. Shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla. Habari za nyumbani nzuri, mguu bado unauma, mjukuu kaanza shule, umeme ulikatika ukarudi. Haya, tumemaliza. Mngejua salamu zilivyotaka kuua mtu kule Mtoni, nanyi mngefupisha.

Mie kazi yangu ilikuwa kutunza kanzidata. Mtaani waliniita Bi Zuhura wa Kompyuta, wakawa wananiletea simu zilizoingia maji, redio, na siku moja pasi. Nikawaambia sitengenezi pasi. Wakauliza, sasa wewe unafanyaga kazi gani? Nikasema nahesabu mistari. Nikaona wamenionea huruma.

Lakini ndiyo kazi yenyewe, kwa kuipunguza maneno. Kanzidata ni majedwali, na kila kinachoandikwa humo kinakaa kwenye mstari wake. Mgonjwa akisajiliwa, mstari. Ujumbe ukiingia, mstari. Nyie wa siku hizi mnasema vitu viko kwenye wingu, mkisema hivyo mnaangalia juu kama mnaomba mvua. Hakuna wingu. Kuna kompyuta ya mtu, iko kwenye chumba cha baridi nchi za watu, na wewe umepanga humo. Na mpangaji ana masharti.

Ujanani nilipanga Buguruni kwa mama mmoja mwenye nyumba ambaye hakujali umeingiza kabati la ukubwa gani. Yeye alihesabu vichwa. Mgeni akilala, kichwa. Mtoto mchanga, kichwa. Nilimleta binamu yangu mwembamba kama ufito, nikamwambia mama, jamani huyu hata mlango hajazi. Akanijibu, "Choo hakiulizi unene." Basi vifurushi vingi vya wingu ndivyo vilivyo. Mstari wenye neno "poa" na mstari wenye historia nzima ya mgonjwa, yote ni kichwa kimoja kimoja. Vipo vifurushi vingine vinavyopima uzito badala ya vichwa. Kwa hiyo kabla hujaingiza godoro, muulize mwenye nyumba anahesabu nini. Sie hatukuuliza.

Sie ni nani? Ni kashirika kadogo tu, vyumba viwili ubavuni mwa zahanati pale Mtoni, nyuma ya wauza mbao. Kazi yetu ilikuwa nzuri, sitaisema vibaya. Mama mjamzito anajisajili kwa ujumbe wa simu, ujumbe wenyewe bure. Mfumo unamuuliza jina, mtaa, na tarehe anayotarajia. Uchungu ukimshika, anatuma neno moja tu, UCHUNGU, na bajaji inamfuata mlangoni kumpeleka hospitali kubwa. Dereva wa zamu alikuwa Hamisi, kijana wa Newala, mpole kwa watu na katili kwa matuta.

Meneja wetu tulimwita Bwana Wingu. Jina lake lingine silitaji, ana watoto. Alikuwa mtu wa tai hata mwezi wa pili, joto la kuyeyusha mshumaa. Kila ukimwambia tatizo, alikujibu kwa wingu. Printa imekwama? Tuhamie wingu. Sukari ya chai imeisha? Naye alikuwa tayari anatafuta namna wingu litakavyoingia. Nilimwambia kifurushi tulichochukua ni cha bure na kina kikomo cha mistari, akacheka mpaka tai ikapanda begani.

"Bi Zuhura, kabati ndilo linalojaa. Wingu halijai."

Mtu amezaliwa Dar es Salaam, ameona mvua za masika zikibeba magodoro ya watu bondeni, halafu anakuambia wingu halijai! Mkubwa akishapenda neno lake, wewe ni kusubiri mvua.

Sasa tazameni kifurushi kile kilitengenezwa na watu wa aina gani. Huko kwao, nadhani, mtu akiwa na shida anaandika shida. Ujumbe mmoja, mstari mmoja, kwisha. Hawakumjua mama wa Mtoni. Mama wa Mtoni anayetaka kuuliza kama anaruhusiwa kula udongo hawezi kuuliza hivihivi tu kama mtoto asiye na malezi. Anaanza: "Hodi." Mfumo unajibu karibu. "Shikamoo." Mfumo, ambao mtengenezaji wake alikuwa na adabu, unajibu marahaba. "Habari za hapo?" Nzuri. "Za kazi?" Nzuri. "Na wagonjwa wengine hawajambo?" Hapo ndipo anasema, "Nilikuwa na kaswali." Halafu anasubiri aruhusiwe. Kila kimoja hapo, wanangu, ni mstari. Udongo wenyewe haujatajwa bado.

Kati ya akina mama hao alikuwemo Salama. Muwekeni akilini huyu. Alikuwa anauza batiki kando ya barabara ya Kilwa, msemaji, mcheshi, mume wake yuko Mtwara kwenye korosho. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na Sista Agripina, mkunga wa zahanati, alikuwa amemshika mkono mbele yangu akamwambia: "Wewe una mshono. Usije ukakaa nyumbani na uchungu ukijifanya shujaa. Ukishikwa tu, tuma ujumbe, bajaji ije. Mshono ukiachia, mie sina cha kukufanyia hapa." Salama akacheka, akasema sawa Sista, ila nilimwona akishika tumbo.

Basi wingu likajaa. Halijai kwa kishindo, ndiyo maana linadanganya. Wenye nyumba walikuwa wametuma barua pepe za onyo, moja baada ya nyingine, zikaenda kwenye anwani ambayo Bwana Wingu aliifungua wakati wa kujisajili kisha akasahau neno la siri. Kikomo kilipofika, mfumo haukuzimika. Ungezimika tungeshtuka. Uliendelea kusomeka vizuri kabisa, orodha zote zipo, rangi zake zilezile, ila kila kipya kilichotaka kuandikwa kikakataliwa. Mmelipata hilo? Kusoma ruhusa, kuandika marufuku. Asubuhi nzima hakuna ujumbe mpya, na Bwana Wingu akafurahi, akasema, "Leo akina mama wametulia." Nikamwambia akina mama wa Temeke hawajawahi kutulia tangu Mungu aumbe Temeke. Nikafungua, nikaona mistari imefika kikomo.

Kikaitwa kikao. Soda zikaletwa na sambusa. Bwana Wingu akapitisha macho kwenye jedwali la ujumbe, akaona shikamoo juu ya shikamoo, akapiga meza: "Salamu! Zinatumaliza salamu! Tuzifute."

Nikasema ngojeni kwanza, tuhesabu kila jedwali peke yake tujue lipi limejaza. Akasema macho hayana pazia, Bi Zuhura, si unaziona? Basi tukaanza kuorodhesha salamu za kufutwa, na hapo ndipo kikao kilipogeuka harusi. Kila mtu alikuwa na salamu ya kwao. Mambo, vipi, niaje, inakuwaje, poa, freshi, shwari, njema, sijambo. Mhasibu akachangia "za masiku". Mlinzi akaingia kuomba maji, naye akachangia "nambie".

Ilipofika "Bwana asifiwe", Sista Agripina akaweka sambusa chini. "Hiyo hamfuti. Nani hapa atabonyeza kufuta sifa za Bwana? Ajitokeze nimwone." Hakuna aliyejitokeza. Upande wa pili mhasibu akaona asiachwe nyuma, akasema asalaam alekum nayo ni dua, anayefuta dua ajiandae kujieleza mahali pengine. Bwana Wingu akafuta jasho. Wakakubaliana salamu zote za dini zibaki, zifutwe zile za kidunia tu. Na katika hizo za kidunia, bila mtu kuitetea, maana haikuwa ya msikiti wala ya kanisa, ikaandikwa "salama".

Najua mmeshaliona. Sie hatukuliona. Mnajua kwa nini? Kwa sababu neno tukilisikia kila siku halina tena uso. Mie mwenyewe nilisikia "salama" nikasikia jibu la habari gani, wala sikumwona muuza batiki.

Hapa nisimame niwaambie kuhusu Mzee Pius, aliyenifundisha kazi hii zamani, kompyuta ikiwa na mgongo mkubwa kuliko wake. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: kabla hujaiambia kanzidata "futa", iambie kwanza "nionyeshe", kwa masharti yaleyale. Angalia ilichokuonyesha, mstari kwa mstari, huku umekalia mikono yako. Ukiona kimoja usichokielewa, usifute. Na kabla ya hayo yote chukua nakala, maana kifurushi cha bure mara nyingi hakikuwekei akiba, ukishafuta umefuta. Alisema kufuta ni kama kumwaga maji ya kuoshea mtoto, tazama kwanza kama mtoto katoka kwenye beseni.

Nilikuwa ndiyo naandika hiyo "nionyeshe" yangu. Sijamaliza, nasikia makofi. Bwana Wingu alikuwa keshabonyeza, kutoka kwenye simu yake, sambusa mkono wa pili.

Na hakuishia hapo. Alimpigia mtengenezaji wa mfumo, akaweka na chujio: kuanzia leo, ujumbe wowote ambao ni salamu tupu usihifadhiwe, ujibiwe tu kwa heshima uondoke. Maneno ya jibu aliyatunga mwenyewe, akatusomea kwa sauti ya redio.

Sasa shikeni jambo moja la kiufundi, ni jepesi. Orodha ya akina mama haikuwa imeandikwa mahali pengine. Ilikuwa inasomwa kutoka kwenye majibu yao wenyewe. Mfumo ulimuuliza mama jina lako nani, akajibu, na jibu lile, mstari ule, ndilo lilikuwa jina lake. Ukifuta jibu, mama hana jina. Asiye na jina, mfumo haumjui, hata awe na tumbo mbele ya macho yako. Salama alipoulizwa jina miezi ile ya nyuma, alijibu neno moja.

Yaliyotokea upande wake nimeyasoma baadaye kwenye simu yake, alinipa mwenyewe. Ilikuwa asubuhi moja baada ya kile kikao, majirani wote wamekwenda msibani, vocha hana. Uchungu ukamshika. Akatuma UCHUNGU kama alivyofundishwa.

Mfumo ukamjibu: "Namba hii haipo kwenye orodha yetu. Karibu ujisajili. Jina lako nani?"

Akajibu: "Salama."

Mfumo: "Tunashukuru kusikia hivyo! Nasi hatujambo. Endelea kuwa na siku njema."

Akatuma tena UCHUNGU. Namba hii haipo, jina lako nani? "Salama." Tunashukuru kusikia hivyo, nasi hatujambo! Jamani! Mtu ameshika ukuta, mshono unavuta, anamtajia mkombozi wake jina, mkombozi anamtakia siku njema. Akajaribu kwa herufi kubwa. SALAMA. Tunashukuru. Na lile neno UCHUNGU lenyewe lilikuwa linaanguka kila mara, kwa sababu mfumo haukuita bajaji kwa asiyesajiliwa, wala haukumwonyesha mtu. Mie nilikuwa chumba cha pili nakunywa chai, skrini mbele yangu nyeupe, safi, hakuna kitu.

Mwisho hasira zikamjia, na hasira ndizo zilizomfaa. Aliandika kama anavyoongea na mteja aliyechezea batiki kisha akaondoka: "Nyie watu mna wazimu? Mie ndo Salama, siko salama!"

Chujio lilikuwa linakamata salamu tupu tu. Hii haikuwa tupu. Ikapita. Mstari mmoja ukatokea kwenye skrini yangu, namba bila jina, maneno hayo. Nilisoma, kikombe kikanitoka mkononi. Nikapiga kelele, "Agripina! Tuna Salama yeyote?"

Sauti ikarudi ukutani: "Salama wa mshono! Ana nini?"

"Anasema hayuko salama!"

Sijawahi kumwona mwanamke wa umri ule akikimbia namna ile, kandambili moja ilibaki mlangoni. Hamisi alikuwa nje anafuta kioo. Sista, aliyepajua kwa Salama, akajitupa ndani ya bajaji na mkoba wake, nami nikapiga simu ile namba huku naomba kila dua iliyosalimika kwenye kikao chetu. Salama akapokea. Nikamwambia, "Mwanangu, tunakuja, lala ubavu wa kushoto, usinyanyuke." Akaniambia kwa shida, "Bi Zuhura, shikamoo." Nikalia. Mpaka leo nikikumbuka nalia. Mtu yuko kwenye hali ile na bado adabu haijamtoka.

Hamisi alipita njia ambazo si njia. Nasikia aliingia gereji ya watu mlango wa mbele akatokea wa nyuma, na mafundi wakamfungulia bila kuuliza. Hospitali walimpokea wakampeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Daktari alimwambia Sista mshono ulikuwa umeanza kuachia, angekaa nyumbani kidogo zaidi tungezungumza habari nyingine. Mtoto wa kike. Alilia kabla hajatolewa vizuri, wakasema, kamrithi mama yake mdomo.

Nilirudi mezani nikiwa nimekasirika. Bwana Wingu alikuwa amekaa, tai ameivua, hiyo tu ilitosha kunionyesha. Akasema kwa sauti ndogo, "Hesabu basi, Bi Zuhura. Hesabu kila jedwali."

Nikahesabu. Mnajua nini kilikuwa kimejaza wingu letu? Siyo shikamoo. Zilikuwepo nyingi, sikatai, lakini baada ya mauaji yote yale tulikuwa tumepata kanafasi kadogo tu, bado tumebanwa karibu na ukuta. Mistari mingi kuliko yote ilikuwa ya mfumo wenyewe. Kila ujumbe uliotoka, mashine ilijiandikia: umetumwa. Mstari. Umepokelewa na mtandao. Mstari. Umefika kwenye simu. Mstari. Mashine ilikuwa inajisalimia na kujiitikia mchana na usiku, katika jedwali ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifungua, na sie tukaenda kuwafuta akina mama wa watu. Zile ripoti kuukuu tukazitoa, tukaziweka pembeni kwenye faili, nafasi ikapatikana tele. Na msishangae hesabu isipopungua papo hapo. Wenye nyumba wengine hupita kuhesabu vichwa kwa wakati wao, mgeni keshaondoka bado anasomeka yumo. Subiri, usianze kufuta tena kwa woga.

Tukatafuta na wengine waliopotea. Hatukuwa na nakala, kwa hiyo Sista alipita nyumba kwa nyumba na kanga kiunoni. Akampata Shwari mmoja kule kwa wauza mkaa, na Njema wawili. Wote wakamuuliza mbona simu yenu siku hizi inatutakia siku njema tu. Orodha ya akina mama tukaipa jedwali lake yenyewe, jina likae mahali pa jina, salamu mahali pa salamu. Kifurushi cha kulipia kikanunuliwa. Bwana Wingu hakulitaja tena wingu, akawa anasema "ile kompyuta ya watu", na mie nikamsamehe, ingawa nilichelewa kumwambia.

Chujio nililiondoa kwa mkono wangu. Nikaacha salamu zote ziingie, hodi na za kazi na wagonjwa wengine hawajambo, kila moja na mstari wake. Mkiwatengenezea watu mfumo, wanangu, wapimieni na adabu zao humohumo kwenye hesabu. Mtu haachi kusalimia kwa sababu kifurushi ni kidogo.

Siku Salama alipotoka hospitali, mfumo ulimtumia ule ujumbe wa kawaida wanaotumiwa wazazi wote, unaouliza tu: "Hujambo mama? U hali gani?" Nilikuwa mbele ya skrini, sikunywa chai. Jibu likaingia, neno moja: "Salama."

Hatukujua kama ametaja jina au ametaja hali. Sista Agripina alikuwa ameegemea kiti changu, akaniambia, "Uandike vyovyote, Bi Zuhura, ni kweli." Mstari huo sikuruhusu mtu aufute, na nilipokabidhi ofisi nilimwonyesha aliyenipokea mahali ulipo.